Mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya watoto: yanayofundishwa wodini, na maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua chuo

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Madaktari vijana wanaokaribia kumaliza utarajali huniuliza mara kwa mara iwapo wachague ubingwa wa magonjwa ya watoto, na wakishaamua kuuchagua, swali linalofuata huwa ni chuo gani chenye jina kubwa zaidi. Swali la kwanza nitalijibu kwa kueleza kazi yenyewe ilivyo, ili kila mmoja ajipime mwenyewe. La pili nitalipinga. Nimeyapitia mafunzo haya na sasa ninawasimamia wanaoyapitia, na kwa mtazamo wangu jina la chuo lina uzito mdogo kuliko jambo moja ambalo halitajwi katika tangazo lolote la nafasi za masomo, yaani ni nani anayekuja kusimama nawe kando ya kitanda pale mtoto anapobadilika hali usiku wa manane.

Muda wa mafunzo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Marekani ni miaka 3 baada ya shahada ya udaktari, Canada ni miaka 4, na Australia ni miaka 3 ya hatua ya msingi ikifuatwa na mingine 3 ya hatua ya juu. Mpangilio wa ndani, hata hivyo, unafanana karibu kila mahali: wodi ya jumla, chumba cha watoto wachanga, idara ya dharura, chumba cha wagonjwa mahututi, na kliniki za magonjwa ya muda mrefu kama ya moyo, figo, damu, saratani na mfumo wa fahamu. Mtu anaweza kupita vituo vyote hivyo, akatiwa saini kila fomu, na bado asiwe bingwa. Kinachomkomaza daktari wa watoto ni kumwona mtoto yuleyule akibadilika saa baada ya saa, huku uamuzi wake ukipimwa papo hapo na mtu aliyeona watoto wengi kuliko yeye. Yote nitakayoandika hapa chini yanatokana na hilo.

Mwanzisha uzi (sehemu ya pili: mgonjwa asiyejieleza)

Mtoto wa miezi sita hawezi kusema panapomuuma, na wa miaka minne akiulizwa anaweza kushika tumbo wakati ugonjwa wake ni nimonia ya sehemu ya chini ya pafu. Kwa hiyo uchunguzi wa mtoto huanza kabla ya kumgusa. Daktari husimama hatua chache kutoka pale mtoto alipopakatwa na kumtazama: anawafuata watu kwa macho au ametazama hewani, analia kwa nguvu au kwa sauti dhaifu, anaguna kila anapotoa pumzi, sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, rangi ya midomo ikoje. Ukitanguliza mkono na kifaa cha kusikilizia kifua, mtoto analia, na mtoto anayelia hana tena pumzi ya kuhesabika.

Kuhesabu pumzi kunaonekana kuwa kazi ndogo, lakini mimi hulisisitiza jambo hili kuliko mengi mengine. Mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Huenda haraka, hutulia, kisha huendelea. Ukihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, unaweza kupata nimonia mahali isipokuwepo au kuikosa mahali ilipo. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinajulikana: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Tarakimu hizo zinategemea dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Wengi wanaoanza mafunzo wanazijua kwa kichwa, ila hawajazoea kusimama kimya kwa dakika hiyo moja katika wodi yenye wagonjwa wengi.

Kuna sababu nyingine ya kusisitiza kutazama. Mwili wa mtoto hujitetea kwa muda mrefu, halafu huporomoka kwa haraka. Mtu mzima anayepoteza maji au mwenye maambukizi makali ya damu mara nyingi huonyesha shinikizo la damu linaloshuka mapema kiasi. Kwa mtoto shinikizo linaweza kubaki la kawaida hadi dakika za mwisho, kwa sababu moyo unaongeza kasi na mishipa ya mikono na miguu inabana. Anayesubiri shinikizo lishuke ndipo ashtuke, amechelewa. Dalili za mapema ni moyo unaokwenda mbio bila homa ya kuueleza, viganja na nyayo baridi wakati kifua kina joto, na ngozi ambayo ukiibonyeza na kuiachia huchukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi yake.

Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayosema mengi ikitazamwa mara moja tu. Zinasema zikilinganishwa na za saa moja iliyopita. Ndiyo maana daktari wa mwaka wa kwanza ninamtaka arudi kitandani hata pale ambapo hajaitwa. Anayemwona mtoto saa nane mchana, akaandika kuwa anaendelea vizuri na kumwona tena asubuhi ya pili, amekusanya picha mbili zisizo na kitu katikati, na hata mtoto akipona hatajua ni lini na kwa nini alianza kupata nafuu.

Mwanzisha uzi (sehemu ya tatu: hesabu)

Dozi ya mtoto hukokotolewa kwa uzito. Parasetamo ya miligramu 15 kwa kila kilo humpa mtoto wa kilo 8 miligramu 120, na hilo ni jepesi. Ugumu unatokana na upana wa uzito wenyewe: idara moja inaweza kuwa na njiti wa gramu 700 na kijana wa kilo 70, tofauti ya mara mia. Katika matibabu ya watu wazima, dozi iliyozidi mara kumi huonekana mapema kwa sababu muuguzi anajikuta akifungua chupa kumi za dawa. Kwa mtoto mchanga, dozi iliyozidi mara kumi bado inaingia ndani ya bomba dogo la sindano na haimshangazi mtu. Kosa hilo la mara kumi, ambalo mara nyingi ni nukta iliyopotea, linajulikana katika idara za watoto duniani kote. Ndiyo sababu tunafundisha kuandika 0.5 na kamwe si .5, kuandika 5 na kamwe si 5.0, na kumtaka mtu wa pili akokotoe upya bila kuonyeshwa jibu la wa kwanza. Mtu wa pili akionyeshwa jibu kwanza, anaelekea kulikubali.

Maji ya dripu yana hesabu yake pia. Malcolm Holliday na William Segar walichapisha mwaka 1957 kanuni ambayo bado inafundishwa: mililita 100 kwa kila kilo ya kilo 10 za kwanza, 50 kwa kila kilo ya kilo 10 zinazofuata, na 20 kwa kila kilo inayozidi hapo, kwa saa 24. Mtoto wa kilo 12 hupata mililita 1,100 kwa siku. Sehemu ya ujazo imedumu. Aina ya maji yaliyoambatana nayo, yenye chumvi kidogo, haikudumu, kwa sababu ilidhihirika kuwa mtoto mgonjwa huzuia maji mwilini, sodiamu katika damu hushuka, na ubongo unaweza kuvimba. Mwaka 2018 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba watoto wengi wa umri wa siku 28 hadi miaka 18 wanaohitaji dripu ya kawaida wapewe maji yenye kiasi cha chumvi kinachokaribiana na cha damu. Mimi huwaeleza wanafunzi historia hii yote ili waone kwamba kanuni inaweza kuwa sahihi nusu na hatari nusu kwa miongo kadhaa, ikiwa mikononi mwa watu makini.

Hata damu ya vipimo inahesabiwa. Mtoto mchanga ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo, maana yake aliyezaliwa na kilo 3 ana kama mililita 240 mwilini mwote. Njiti wa kilo moja anayechotwa mililita 2 kila siku anaweza kuhitaji kuongezewa damu kwa sababu ya vipimo vyetu wenyewe, na daktari anayeagiza kipimo bila kujua atafanya nini na majibu yake anamgharimu mtoto kitu halisi.

Tena, mtoto mchanga si suala la udogo wa mwili tu. Mwaka 1959 madaktari nchini Marekani walieleza vifo vya watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli, dawa ya kutibu maambukizi ya bakteria: walivimba tumbo, wakageuka rangi ya kijivu na mzunguko wa damu ukaanguka. Ini lao lilikuwa halijakomaa kiasi cha kuivunja dawa hiyo, nayo figo zikashindwa kuitoa kwa kasi inayohitajika. Dozi iliyokuwa ikivumiliwa na mtoto mkubwa, hata ikipunguzwa kwa uzito, ilijilimbikiza kwa mchanga hadi kumuua.

Mchangiaji, muuguzi wa watoto wachanga

Daktari, ahsante kwa kuanzisha mada hii. Naomba kuongeza kutoka upande wetu. Madaktari wa mafunzo wanaokuja chumbani kwetu hutofautiana sana, na tofauti hiyo haitokani na alama zao za darasani. Wapo ambao muuguzi akiwaambia kwamba mtoto fulani leo hayuko kama jana, wanaacha wanachofanya na kwenda kumtazama. Wapo wanaouliza kwanza joto ni ngapi, na wakisikia hana homa wanaendelea na kazi yao. Ningependa uwaeleze vijana kwa nini hao wa pili wako hatarini kukosea.

Mwanzisha uzi

Dada, umegusa jambo ambalo ningelitanguliza kama ningeandika upya. Maambukizi ya damu kwa mtoto mchanga mara nyingi hayaji na homa. Huanza na mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kuanza kuacha ziwa, au kubakiza maziwa tumboni, au kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa, au joto lake kushuka chini ya nyuzi 36.5 ingawa amefunikwa. Anayeona hayo kwanza ni yule anayemlisha na kumgeuza kila baada ya saa tatu, yaani muuguzi au mama. Daktari wa mafunzo anayelichukulia neno la muuguzi kama kipimo, akalipa uzito uleule anaoipa karatasi ya maabara, huanza dawa mapema kwa saa kadhaa, na kwa mtoto wa gramu 1,200 saa hizo ni nyingi.

Chumba cha kujifungulia pia kina somo lake. Virginia Apgar, ambaye alikuwa daktari wa ganzi na usingizi, alianzisha mwaka 1952 utaratibu wa kumpa mtoto alama 0 hadi 2 kwa kila moja ya mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, nguvu ya misuli, mwitikio anapochokozwa, na rangi. Utaratibu huo ulilazimisha watu wamtazame mtoto mchanga ipasavyo wakati ambapo macho yote yalikuwa kwa mama. Hata hivyo, alama zake huchukuliwa dakika ya kwanza na ya tano, na mtoto asiyepumua hangojei alama. Anakaushwa, anasisimuliwa, na asipoanza kupumua anapewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Walio wengi huhitaji hewa tu. Daktari mpya hukimbilia kukandamiza kifua au kutafuta mshipa wa kuchoma dawa kwa sababu mambo hayo yanaonekana kuwa makubwa zaidi, wakati barakoa haijakaa sawasawa usoni na kifua hakiinuki. Ninamfundisha kila mmoja atazame kifua kwanza: kikiinuka, moyo mara nyingi hufuata.

Mchangiaji, daktari tarajali

Daktari, shikamoo, na ahsante kwa uzi huu. Ninavutiwa na fani hii, lakini ninaogopa zamu. Nimewaona waliotutangulia wakiingia kazini asubuhi na kutoka kesho yake mchana. Je, ni lazima iwe hivyo ili mtu ajifunze? Wapo wanaosema saa zikipunguzwa tutamaliza bila kuona wagonjwa wa kutosha.

Mwanzisha uzi

Marahaba, daktari. Mjadala huo una historia, na nafikiri huwa tunakumbuka sehemu yake moja tu.

Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alilazwa hospitalini New York akiwa na homa na mtikisiko wa mwili, akafariki ndani ya saa chache. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari wa mafunzo waliokuwa na wagonjwa wengine wengi, na daktari mkubwa alishauriana nao kwa simu. Baba yake, aliyekuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York lilianza kutekeleza kanuni zilizoweka kikomo cha saa 80 kwa wiki na saa 24 mfululizo, na mwaka 2003 kikomo cha saa 80 kikawa cha Marekani nzima. Mwaka 2011 waliokuwa mwaka wa kwanza walipunguziwa hadi saa 16 mfululizo, kisha mwaka 2017 wakarudishwa kwenye 24. Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi: kikomo cha saa 48 kwa wiki, kwa wastani, kimewahusu pia madaktari wa mafunzo kikamilifu tangu mwaka 2009.

Watu hukumbuka saa. Kanuni zile za New York, hata hivyo, zilidai pia usimamizi wa daktari mkubwa kwa saa zote, usiku na mchana. Sehemu hiyo ndiyo inayosahaulika, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Daktari aliyechoka ambaye ana mtu wa kumwita, na anajua kuwa hatadharauliwa kwa kuita, yuko salama kuliko aliyelala vizuri ambaye yuko peke yake na mtoto mwenye degedege lisilokoma. Nasema hivi bila kutetea zamu zinazomvunja mtu. Naamini zamu za usiku ni za lazima, kwa sababu watoto hubadilika hali usiku na hospitali huwa na watu wachache, ila baada ya saa 24 hakuna anachojifunza mtu, na asiruhusiwe kukokotoa dozi bila mwenzake kando yake.

Kuhusu kuona wagonjwa wa kutosha, idadi pekee haitoshi. Watoto arobaini wa nimonia uliowaandikia dawa na kuwaacha hawakufundishi sana kama kumi uliowafuatilia hadi siku walipoacha oksijeni.

Saa zilipopungua lilizuka tatizo lingine: makabidhiano yaliongezeka, na kila makabidhiano ni mahali ambapo taarifa hudondoka. Idara za watoto ndizo zilizolishughulikia vizuri zaidi. Utafiti wa I-PASS, uliofanyika katika hospitali 9 za Marekani na Canada na kuchapishwa mwaka 2014, uliwafundisha madaktari wa mafunzo ya watoto kukabidhiana kwa mpangilio maalumu: kwanza ukubwa wa ugonjwa, kisha muhtasari wa mgonjwa, kazi zilizobaki, kinachoweza kutokea usiku na cha kufanya kikitokea, na mwisho anayepokea kurudia kwa maneno yake alichosikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 na madhara yanayoweza kuzuilika kwa asilimia 30, bila makabidhiano kuchukua muda mrefu zaidi. Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi wodini, kwa kuwa anayeondoka ana haraka. Mimi simruhusu aondoke kabla ya kuisikia.

Mchangiaji, daktari wa mwaka wa pili

Mkuu, mimi niko mwaka wa pili. Ninachopata shida nacho ni kwamba mwongozo wa matibabu unasema hivi, bingwa mmoja anasema vile, na mwingine ana mazoea yake. Mtu afuate lipi?

Mwanzisha uzi

Fuata mwongozo ulioandikwa, isipokuwa kama una sababu unayoweza kuiandika kwenye faili. Lakini ujue pia mwongozo umetoka wapi. Nitakupa mfano ambao kila anayesomea ubingwa huu anapaswa kuujua kwa undani, kwa sababu ushahidi wake umetoka kwa watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu apewe dripu ya kasi, mililita 20 au zaidi kwa kila kilo, haraka iwezekanavyo. Mantiki ilikuwa safi, na watoto walionekana kupata nafuu papo hapo: mikono ilipata joto, mapigo yakapungua. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011, uliwagawa kwa bahati nasibu watoto 3,141 wa hali hiyo: wengine dripu ya kasi ya albumini (maji yenye protini ya damu), wengine ya maji ya chumvi, wengine maji ya kawaida ya polepole. Waliokuwa na kuhara au utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya kundi la albumini, 10.5 ya kundi la maji ya chumvi, na 7.3 ya kundi lisilopewa dripu ya kasi. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake.

Usisome matokeo hayo kana kwamba yanasema maji ni mabaya. Mtoto aliyekauka kwa kuhara bado anahitaji maji, tena haraka. Linalopaswa kukusumbua ni kwamba nafuu ya saa ya kwanza ilikuwa ya kweli, na daktari aliyeona nafuu hiyo na kuondoka aliamini kuwa tiba imefanya kazi. Vifo vilitokea baadaye. Bingwa anayekuambia ameona tiba fulani ikifanya kazi muulize, kwa adabu, aliwatazama watoto hao kwa muda gani. Na wewe ukianzisha dripu yoyote, amua kabla ya kuifungua ni saa ngapi utarudi, utapima nini, na nini kitakufanya uifunge.

Mchangiaji, mzazi

Samahani kwa kuingilia, mimi si daktari. Mwanangu ana siko seli na tumelazwa mara nyingi. Kila tukilazwa wanakuja madaktari wa mafunzo watatu au wanne, wanauliza maswali yaleyale na kumchoma mikono yote miwili wakitafuta mshipa. Najua wanapaswa kujifunza. Je, nina haki ya kukataa?

Mwanzisha uzi

Mama, una haki, na wala usiombe samahani. Una haki ya kujua anayemchunguza mwanao ni nani na yuko hatua gani ya mafunzo, na una haki ya kuomba aliyezoea zaidi. Katika zamu ninazosimamia, anayejifunza hujaribu mshipa mara mbili, kisha anampisha mwenzake mwenye uzoefu, na hakuna majadiliano juu ya hilo. Historia ya ugonjwa ichukuliwe na mmoja na kuandikwa vizuri, wengine waisome. Kurudia maswali huwa na faida pale tu mtu anaposhuku kuwa kuna jambo lilikosekana, na hapo akueleze ni jambo gani.

Naomba pia madaktari wanaosoma hapa waelewe kwamba mama kama huyu anajua mambo ambayo faili halina: dripu ilikaa mkono gani mara ya mwisho, maumivu ya mwanawe huanzia wapi, dawa ipi ilimtuliza. Muulize kabla ya kufungua sindano. Vilevile, mzazi anaposema kuwa mwanawe hayuko sawa na wewe huoni kitu, andika alichosema na umwite mkubwa wako amwangalie. Zipo hospitali katika nchi mbalimbali zilizowapa wazazi njia rasmi ya kuita timu ya dharura wenyewe, kwa sababu ilionekana kuwa wao huona mabadiliko mapema.

Na kwa kuwa tumefika kwa wazazi, niseme kuhusu kifo, ambacho ndicho kinachowaondoa vijana wengi katika fani hii. Mtoto akifariki, habari isitolewe ukumbini wala kwa kusimama. Bingwa wa zamu aende pamoja na daktari wa mafunzo, wakae, waseme waziwazi kuwa mtoto amefariki, kisha wanyamaze na kuwaacha wazazi waulize au walie. Maneno ya kuzungukazunguka humfanya mama adhani kuwa bado kuna matumaini, na daktari analazimika kumvunja moyo mara ya pili. Baada ya hapo kuna kazi ya pili ambayo vyuo vingi huiruka: kuketi na yule daktari kijana, siku hiyohiyo, na kupitia naye kilichotokea tangu mtoto alipofika. Asiyefanyiwa hivyo hubaki na maswali yake peke yake, na baada ya vifo kadhaa anaanza kuwaepuka wazazi. Nimewaona wakianza kupita vitanda fulani haraka, na si kwa sababu ya ubaya wa moyo.

Mchangiaji, daktari tarajali

Nimekuelewa, daktari. Sasa mtu akienda kutazama chuo aulize nini hasa? Na tasnifu ichukuliwe vipi, maana nasikia ndiyo inayochelewesha wengi kuhitimu.

Mwanzisha uzi

Usimuulize mkuu wa idara peke yake. Waulize walio mwaka wa pili, maana wa kwanza bado hawajajua na wa mwisho wanataka kumaliza salama. Uliza bingwa hufika wodini usiku au hujibu simu tu, na mara ya mwisho alifika lini. Uliza ni nani alisimama kando yao walipochoma uti wa mgongo kwa mara ya kwanza, na walipoweka sindano ya mfupani. Uliza iwapo vifo hujadiliwa katika kikao ambacho watu wanaweza kusema ukweli bila kuadhibiwa. Uliza mtu akiugua, zamu yake hushikwa na nani. Omba ruhusa ya kuhudhuria makabidhiano ya asubuhi siku ya kazi ya kawaida, ukae nyuma na kusikiliza. Ukisikia bingwa akiuliza kwa nini mtoto fulani hakupimwa tena usiku, na anayejibu hatetemeki, hapo ni mahali pazuri pa kusoma hata kama majengo yake ni ya zamani.

Kuhusu tasnifu, wengi hucheleweshwa na mada kubwa kuliko muda wao. Chagua swali linaloweza kujibiwa na watoto wanaolazwa katika wodi yako ndani ya mwaka mmoja, kwa kitu unachoweza kupima mwenyewe: kwa mfano, ni wangapi kati ya watoto waliolazwa kwa nimonia walipimwa oksijeni ya damu walipofika, na waliokuwa chini ya asilimia 90 walianza kupewa oksijeni baada ya dakika ngapi. Andika pendekezo mwaka wa kwanza na uliwasilishe mapema kwa kamati ya maadili, kwa sababu kibali kinaweza kuchukua miezi. Mtafute mtakwimu kabla ya kukusanya data, maana baadaye hawezi kukuongezea taarifa ambazo hukuziandika. Na msimamizi wako awe mtu anayesoma rasimu na kuirudisha ndani ya wiki mbili. Hilo nalo waulize wa mwaka wa pili.